Kadi ya Chanjo

Foleni ya kliniki ya watoto, Jumanne, Amu,
huanza mapema, ukutani, upande wa kivuli.
Kina mama kumi na mmoja, watoto kumi na mmoja,
na mimi.

Muuguzi Komora ni mgeni, ametoka Garsen juzi.
Anapokea kadi yangu, anaigeuza,
anaigeuza tena, anachungulia nyuma ya buibui langu.
"Mama, mtoto yuko wapi?"
Ndiye mimi.
"Umri?"
Miaka miwili na siku tatu.

Nina mvi, Komora. Nina mjukuu Mkomani
aliyenitangulia kuzaliwa kwa miezi mitano.
Damu yangu ya kwanza ilinigeuka.
Daktari alisema saratani; mama akasema, "Usilitaye hapa,"
likabaki kuitwa "yule mgeni."
Tukauza shamba la Hindi, tukapanda ndege ya Bara Hindi,
jina moja, safari mbili.

Huko walinimwagia dawa hadi uboho ukawa mtungi mtupu,
ukiugonga kwa kidole unalia.
Kisha mfuko mmoja mdogo, rangi ya sharubati ya komamanga:
seli za kaka yangu Shekuwe,
aliyelazwa chumba cha pili na mashine mkononi
akilalamika njaa.
Siku hiyo wakaiita sifuri.
Nikaanza kuhesabu.

Arubaini yangu ilinikuta nyuma ya kioo,
bila udi, bila mkunga, bila uji wa pilipili manga.
Arubaini ya Mwantumu, jirani yangu wa wodi,
ilisomwa kwao Tanga.
Dawa zilezile. Daktari yuleyule.
Kikombe chake ninacho. Nakiosha, sikinywei.

Mwaka wa kwanza damu ya Shekuwe haikunizoea.
Ikaniwasha ngozi, ikanikausha mate, ikanikausha macho,
mama akafa, nami nikakaa matangani mkavu kama jiwe.
Wakasema: huyu ana moyo mgumu.
Moyo haukuwa na neno. Macho ndiyo hayakuwa na maji.
Usiku nikampigia simu Shekuwe:
hata ndani ya mwili wangu unanitafutia ugomvi?
"Hama wewe," akasema. "Mimi nimeshalipa kodi."

Kundi langu lilikuwa O. Sasa ni B, kama yeye.
Na kila nilichochanjwa utotoni kimefutika.
Tazama mkono wa kushoto: kovu lipo.
Ngozi inakumbuka, damu haijui.
Ndiyo maana miaka miwili nimepita mjini kwa kuambaa kuta,
barakoa chini ya mtandio,
nikikwepa kinyesi cha punda, vumbi la chokaa,
maji ya birika, busu la harusi,
mkono wa Idi.

Komora kashika kalamu, haandiki.
Nyuma yangu msichana wa Matondoni, mwanawe begani,
anasema, "Mtangulize huyo, bado mdogo."
Foleni nzima inacheka,
hata wanaonyonya wanaachia kidogo watazame.

Surua. Mkono wa kulia.
Inachoma kama sindano inavyochoma, si zaidi.
Mtoto aliyenitangulia bado analia, hataki ziwa,
nami chozi linanitoka,
moja, la maji kabisa.
Naliacha lishuke hadi kidevuni
nilihisi lilivyo.

"Rudi baada ya mwezi," anasema Komora,
anaandika tarehe
kama watu wanavyoandika tarehe.

Langoni nanunua embe bichi, chumvi na pilipili,
kwenye karatasi ya daftari la hesabu.
Sijalimaliza, simu inalia.
"Ulilia?"
Kidogo.
"Basi si mimi. Mimi sindano siziogopi."
Mwongo.
Chumba kilikuwa cha pili tu. Nilikusikia.